Kufunga antena ya setilaiti kwenye barafu ya ncha za dunia

Fundi aliyezoea kufunga madishi Mombasa au Dar es Salaam anajua kuwa dishi hutazama juu. Ukisimama Mombasa, setilaiti iliyo nyuzi 36 mashariki iko zaidi ya nyuzi 80 kutoka upeo wa macho, karibu utosini. Shida zako ni maji ya mvua kutuama ndani ya bakuli, na tawi la mwembe. Mchukue fundi huyohuyo umpeleke McMurdo, kituo cha Marekani kilichoko Antaktika kwenye latitudo ya karibu nyuzi 78 kusini. Hapo dishi linatazama mbele kama mtu anayechungulia dirishani. Mti hakuna hata mmoja. Akitoka kituoni kwenda kambi za mbali, hata udongo wa kuchimbia nguzo haupo, maana chini ya buti ni barafu inayotembea.

Mwongozo huu ni wa kituo kidogo: kambi ya watafiti au mtambo wa hali ya hewa, watu wawili hadi wanne wenye siku chache za kazi. Niseme mapema, ili msomaji asishangae mbona nachelewa kufika kwenye spana: kazi hii inafanyika karakanani, wiki kadhaa kabla ya safari. Nje unakwenda kukaza bolti tu. Kila ulilolisema "tutalimalizia hukohuko" litakula siku nzima, na pengine ncha ya kidole.

Hatua ya 1: Anza na setilaiti, antena baadaye

Setilaiti nyingi za televisheni na za VSAT (intaneti ya madishi madogo) zimekaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini. Kadiri unavyosogea nchani ndivyo zinavyoshuka kuelekea upeo wa macho. Chukua setilaiti iliyo kwenye longitudo yako mwenyewe, yaani hali nzuri kuliko zote. Kwenye latitudo ya 70 utaiona kwa pembe ya nyuzi 11 na nusu, kwenye 75 imebaki nyuzi 6 na ushei, kwenye 78 ni nyuzi 3 tu. Ukivuka 81 imezama kabisa. Na kama setilaiti iko mashariki au magharibi yako, punguza tena.

Ndiyo maana kituo cha Amundsen-Scott, kilichojengwa kwenye Ncha ya Kusini penyewe, kimeishi miaka mingi kwa kutegemea setilaiti kongwe ambazo mzunguko wake umeanza kuinama. Kwa kuinama huko, setilaiti hushuka kusini mwa ikweta kwa muda fulani kila siku, na kwa saa hizo chache kituo kinaiona. Ikipanda tena kaskazini, mawasiliano ya kasi yamekwisha hadi kesho. Watu wa pale hupanga kazi zao za mtandao kwa ratiba ya setilaiti, kama mvuvi anavyopanga kwa maji kupwa na kujaa.

Njia ya pili ni setilaiti za chini zinazozunguka dunia zikipita karibu na ncha. Kampuni ya Iridium wanazo 66 zinazofanya kazi, kwenye kimo cha kilomita 780 hivi. Njia zao zote hukutana karibu na ncha, kwa hiyo huko anga limejaa setilaiti zao kuliko lilivyo kwetu ikweta. Antena ya Iridium ni ndogo kama uyoga na haielekezwi popote. Ubaya ni kasi: huduma yao ya zamani ya data ni kilobiti 2.4 kwa sekunde, inayotosha ujumbe mfupi na vipimo vya hali ya hewa lakini si picha. Huduma mpya zina kasi zaidi. Wapo pia OneWeb na Starlink, wenye setilaiti zinazopita juu ya ncha. Starlink ilianza kujaribiwa McMurdo mwaka 2022.

Ushauri wangu ni kufunga Iridium kwanza, hata kama bajeti ina dishi kubwa. Ikishatoa ujumbe, kambi ina njia ya kuita msaada, na hapo ndipo uanze kuhangaika na mtambo wa kasi.

Hatua ya 2: Chagua mahali ukiwa na ramani, kisha ukiwa na macho

Kwa dishi linalotazama nyuzi 3 na nusu, kila kitu ni kizuizi. Kanuni ya kichwani: kwa pembe hiyo, mstari wa kuona unapanda mita 6 kwa kila mita 100. Kontena la mita 3 lililo mita 45 mbele yako limeshaziba. Kilima chenye kimo cha mita 200 umbali wa kilomita 3 nacho kimeziba. McMurdo wenyewe walikwama hapo. Milima ya Kisiwa cha Ross inawazibia setilaiti za ikweta, ikabidi kituo cha mawasiliano kijengwe Kisiwa cha Black, ng'ambo ya barafu, kisha mawimbi yarudishwe kituoni kwa redio. Uking'ang'ania mahali pabaya, hata dishi kubwa halitakuokoa.

Antena ya Iridium inataka anga wazi pande zote, kuanzia nyuzi 8 hivi juu ya upeo wa macho. Ipandishe juu ya paa au mlingoti, mbali na antena nyingine zinazorusha.

Halafu upepo. Mabaharia wa pwani wana maneno mawili yanayofaa hapa: joshini, kule upepo unakotoka, na demani, kule unakoelekea. Theluji inayopeperushwa hujilundika demani mwa kila kitu kinachosimama. Antena iliyofungwa demani mwa hema au nyumba itafukiwa, si jambo la kubahatisha. Ifunge joshini au pembeni, na chini yake pawe wazi ili upepo upite na kufagia. Vituo vyenyewe hujengwa juu ya miguu kwa sababu hiyohiyo: Halley VI cha Waingereza na Neumayer III cha Wajerumani vyote vinainuliwa kwa jeki kadiri theluji inavyoongezeka.

Kuhusu vibali, usije ukasema hukuambiwa. Antaktika inalindwa na Itifaki ya Madrid ya mwaka 1991, iliyoanza kutumika 1998. Shughuli hutathminiwa kimazingira kabla ya kuanza, na unachokileta unatakiwa kujua utakavyokiondoa. Kaskazini kuna ya kwake. Ny-Ålesund, kijiji cha watafiti huko Svalbard, visiwa vya Norwei, ni eneo la ukimya wa redio: ndani ya kilomita 20, vifaa vinavyorusha kati ya gigahezi 2 na 32 havitakiwi bila ruhusa, hata waifai na bluututhi ya simu yako unazima. Na Svalbard, nje ya makazi, mmoja wenu hafungi bolti kabisa. Kazi yake ni kuangalia dubu.

Hatua ya 3: Vifaa, na jinsi baridi inavyoviua

Plastiki ya kawaida ya kebo hukakamaa, kisha hupasuka ukiikunja. Agiza kebo ambayo mtengenezaji ameandika kiwango chake cha baridi, na usome viwango viwili: cha kebo iliyolala tu, na cha kebo inayokunjwa wakati wa kufunga. Cha pili huwa kibaya zaidi, na ndicho kitakachokupata. Usiku wa kuamkia kazi, kebo ilale ndani kwenye joto, itolewe ikiwa laini, itandazwe haraka.

Unene wa kebo nao ni hesabu. Kwenye masafa ya Iridium, karibu megahezi 1,620, kebo ya aina ya LMR-400 inapoteza kama desibeli 1.7 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya mawimbi) kwa mita 10. Ile nyembamba ya LMR-195 inapoteza karibu mara tatu ya hapo. Ukiwa na kikomo cha desibeli 3 kati ya antena na modemu, kebo nyembamba inakufikisha mita 6 na mlango umefungwa.

Chuma cha kawaida hupoteza uvumilivu kwenye baridi kali. Kinavunjika kama kigae badala ya kupinda. Tumia alumini au chuma cha pua. Grisi ya kawaida inakuwa kama nta, na mota ya dishi linalojizungusha inaungua kwa kulazimisha. Safisha yote, upake grisi ya baridi. Teipu nyeusi ya umeme usiihesabu, haishiki kwenye kitu chenye barafu. Konekta zote ziwekwe karakanani, zizibwe kwa teipu ya silikoni inayojishika yenyewe, zipimwe, kisha zifungwe vifuniko.

Bolti zote ziwe za spana moja. Jambo dogo hili linaokoa saa nzima. Chagua kubwa, za kushikika ukiwa umevaa glavu, na kila nati iwe na pacha wake wa akiba mfukoni. Kitakachoanguka kwenye theluji kimekwenda, kwa hiyo beba turubai la rangi kali ulitandaze chini ya kazi.

Hatua ya 4: Fanya mazoezi

Jengeni antena yote karakanani, mkiwa mmevaa glavu zilezile. Ifungueni, ijengeni tena. Mara ya pili pima muda. Kila sehemu iandikwe namba kwa rangi. Ukiweza kupata chumba cha baridi cha wenye samaki, acheni modemu na kebo humo usiku kucha kisha muwashe asubuhi: nyuzi 20 chini ya sifuri si Antaktika, lakini vifaa vibovu vinajitaja mapema. Wale mliopanda Kilimanjaro mnakumbuka simu yenye nusu ya chaji ilivyozimika kileleni. Hiyo ni baridi ndogo. Kituo cha Vostok kiliwahi kupima nyuzi 89.2 chini ya sifuri, tarehe 21 Julai 1983.

Hatua ya 5: Msingi

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, na hapa sitaharakisha.

Upepo wa mita 50 kwa sekunde ukilipiga dishi la mita 1.2 uso kwa uso unalisukuma kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 200, na hewa ya baridi ni nzito kuliko ya kwetu. Mguu wa dishi uliofungwa kwa skrubu nne ukutani hauko kwenye mazungumzo haya.

Kwenye theluji na barafu, saruji haifai: maji yake yanaganda kabla haijashika. Kinachoshika ni nanga ya kuzikwa. Chimba mtaro wenye kina cha mita moja hadi moja na nusu, laza ubao mnene au kipande cha plaiwudi kilichofungiwa kamba ya waya katikati, kisha rudisha theluji kwa tabaka, kila tabaka ukilikanyaga. Acha usiku mzima. Theluji iliyovurugwa na kushindiliwa hujishika yenyewe, punje kwa punje, na asubuhi beleshi litagonga kama limegonga ukuta. Anayekaza waya za mlingoti saa ileile aliyofukia anang'oa nanga zake mwenyewe. Tumia nanga tatu au nne kuzunguka mlingoti, na chini ya mlingoti weka kipande kipana cha plaiwudi usizame.

Wakati wa kiangazi jua halizami, na chuma cheusi hunyonya joto lake na kuyeyusha theluji inayokizunguka hata hewa ikiwa chini ya sifuri. Utakuta shimo limezunguka nguzo na mlingoti umeinama. Paka nguzo rangi nyeupe, au izungushie kitambaa cheupe pale inapoingia kwenye theluji.

Kwenye mwamba ni raha zaidi. Gonga kwanza kwa nyundo: mwamba mzima unalia, uliopasuliwa na baridi unajibu kwa sauti ya tundu. Toboa, puliza vumbi, weka fito za chuma cha pua kwa gundi iliyotengenezwa kwa baridi. Kama hairuhusiwi kutoboa, tumia fremu yenye masanduku unayoyajaza mawe ya hapohapo, na uyarudishe mawe siku ya kuondoka.

Ardhi iliyoganda, kama ya Svalbard, ni ya tatu na ndiyo danganyifu. Juu inayeyuka kila kiangazi na kuganda tena, ikiinua na kushusha chochote kilichokaa juu juu. Nguzo zipite tabaka hilo zikashike chini kusikoyeyuka. Mlima Platåberget, juu ya mji wa Longyearbyen, una kituo cha SvalSat chenye antena zaidi ya 100, nyingi zikiwa ndani ya makuba meupe. Wote huo msitu wa antena unasimama juu ya ardhi ya namna hii, kwa hiyo inawezekana. Ila kwa kituo kidogo chenye siku tano za kazi, tafuta mwamba.

Hatua ya 6: Kulenga dishi

Kompasi iache nyumbani. Karibu na ncha za sumaku sindano inahangaika, na tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini halisi inaweza kupita nyuzi 100. Una njia mbili.

Ya kwanza ni GPS. Chukua nukta pale dishi lilipo, tembea mbele kuelekea unakodhani ndiko, chukua nukta nyingine, soma mwelekeo kati yake, rekebisha, chomeka bendera. Tembea mbali: kosa la mita 3 kwenye mita 100 ni karibu nyuzi 1.7, lakini kwenye mita 300 limebaki nusu nyuzi. Hakikisheni kwanza kuwa njia hiyo haina nyufa za barafu zilizofunikwa.

Ya pili ni jua, na naipenda zaidi. Huko jua liko chini, kivuli ni kirefu na chembamba, na jedwali la jua linakupa mwelekeo wake kwa dakika. Linazunguka nyuzi 15 kwa saa, yaani ukikosea saa kwa dakika nzima umekosa robo nyuzi tu. Pima kivuli cha timazi, umemaliza.

Kwa pembe ya kupanda, kuna mtego unaowapata mafundi wazoefu. Dishi la LNB ya pembeni (LNB ni kile kipokezi kilicho mbele ya dishi) lina pembe yake ya kuzaliwa, mara nyingi nyuzi 20 na kitu. Kwa setilaiti iliyo nyuzi 3 juu ya upeo wa macho, uso wa dishi hilo utaonekana umeinamia chini, kana kwamba unatafuta shilingi iliyoanguka. Usilinyanyue, liko sawa. Ila kagua mapema kama kishikio chake kinaweza kushuka hadi hapo, maana vingi vina kikomo. Faida ni kwamba theluji haitulii kwenye uso unaotazama chini.

Kuzungusha LNB, ambako kwetu karibu na ikweta ndiko kunakotesa, huko ni kudogo. Ukiwa latitudo ya 75 na setilaiti imekwenda nyuzi 30 pembeni, LNB inageuka nyuzi 8 hivi tu.

Kisha tafuta mawimbi taratibu, kushoto na kulia, ukiwa na mwenzako kwenye modemu na redio ya mkononi. Usimpigie kelele, upepo utachukua maneno. Kwa pembe za chini mawimbi hupepesuka, yanapanda na kushuka, kwa hiyo chukua wastani wa dakika kadhaa kabla ya kukaza.

Hatua ya 7: Kebo, ethi na umeme

Kebo iliyolazwa kwenye theluji itafukiwa, na mwaka ujao mtu atakuja na beleshi na kuikata. Itundike kwenye fito za mianzi zenye bendera, kama wanavyofanya Antaktika kwenye njia zao, na uache mkunjo wa akiba karibu na mlingoti.

Radi huko ni nadra sana. Adui ni umeme tuli: theluji kavu ikipeperushwa inachaji kila chuma inachokisugua. Tatizo ni kwamba barafu haipitishi umeme, kwa hiyo fito ya ethi, ile ya kupeleka umeme ardhini, uliyoipigilia humo ni pambo. Unganisha chuma chote kwa pamoja kwa waya mnene, yaani mlingoti, kisanduku cha modemu, fremu ya paneli na jenereta, na kama kituo kina ethi yake ya pamoja jiunge nayo. Kabla ya kushika konekta, gusa fremu kwanza.

Betri za lithiamu ioni zisichajiwe zikiwa chini ya sifuri, zinaharibika bila kukuonyesha. Ziweke kwenye sanduku lenye povu pamoja na modemu, joto la modemu liwasaidie wote. Betri ya asidi iliyojaa inavumilia baridi kali, iliyoisha inaganda na kupasuka. Antena bapa za kujipasha joto huyeyusha theluji usoni mwake, lakini zinakula umeme. Zihesabu kama mlaji wa pili.

Na kifaa kilichotoka nje, usikiingize ndani hivihivi. Kifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, kipate joto ndani ya mfuko. Vinginevyo unyevu wa chumba utakitokea jasho hadi kwenye saketi.

Hatua ya 8: Kabla hamjaondoka

Acheni mtambo ufanye kazi saa 24, ikiwezekana ndani ya upepo. Kazeni bolti tena, kwa sababu chuma kilichofungwa kikiwa na joto la jua husinyaa baridi ikizidi. Pigeni picha za kila konekta.

Barafu inaendelea kutembea mkishaondoka. Kwenye Ncha ya Kusini inasogea karibu mita 10 kwa mwaka na theluji inaongezeka sentimita 20 hivi. Rafu ya Brunt, bamba la barafu linaloelea kilipo kituo cha Halley VI, imekuwa ikisogea mbali zaidi ya hapo kila mwaka. Kusogea kwenyewe hakuliponzi dishi. Kugeuka na kuinama ndiko kunakoliponza. Dishi la mita 1.2 likikosa nusu nyuzi hupoteza zaidi ya desibeli moja, na kwa pembe ya nyuzi 3 desibeli hiyo hukuwa nayo ya kupoteza.

Basi andikeni kwa penseli (wino huganda) kwenye kipande cha plaiwudi kilichopigiliwa kando ya modemu: mwelekeo, pembe ya kupanda, mgeuko wa LNB, nguvu ya mawimbi mliyoiacha, tarehe, na urefu wa nguzo iliyo juu ya theluji. Chini yake acheni kipande cha nguzo ya kuongezea na bolti zake, vikiwa vimefungwa pamoja, maana msimu ujao atakuja mtu mwingine na nguzo itakuwa imepungua.